Sifa Zote kwa Majivu ya Lengai

Jua limesifiwa vya kutosha. Kila anayeuza safari ya kupanda Ol Doinyo Lengai usiku huuza jua: picha ya mtu kasimama ukingoni mwa kreta, mikono kaitandaza, nyuma yake anga jekundu juu ya Bonde la Ufa. Ukweli ni kwamba jua halitoki jasho lolote katika shughuli hii. Linachomoza kijijini Engare Sero sawasawa na linavyochomoza kileleni, na mtu angeweza kulitazama akiwa kwenye kiti cha plastiki, chai mkononi, mguu juu ya mguu. Yanayokesha nawe ni majivu. Yanakupokea chini ya mlima, yanakupandisha, yanakushusha, yanakusindikiza hadi kitandani, na hakuna aliyewahi kuyatungia hata ubeti mmoja. Basi leo ni zamu ya majivu, na sina nia ya kupunja.

Sifa njema huanza na nasaba, na nasaba ya majivu haya ni nzito. Volkano nyingine duniani hutapika lava yenye silika, na zile zenye lava nyepesi hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi bila shida. Lengai hutoa lava ya nyuzi 500 hadi 600 hivi, isiyo na silika ya kutajika, ambayo karibu yote ni kaboneti za sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Ni nyepesi ajabu na hutiririka upesi. Mchana ni nyeusi, usiku huonyesha wekundu hafifu, na ikishaguswa na umande au mvua hugeuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai inayojulikana kutoa lava ya namna hii. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliiona ndani ya kreta mwaka 1960, na taarifa yake ilipotoka katika jarida la Nature mwaka 1962, mabingwa waliokuwa wakibishana kama kaboneti inaweza kutoka tumboni mwa dunia ikiwa imeyeyuka walilazimika kunyamaza.

Mpishi yeyote wa Arusha angewapunguzia ubishi. Magadi yetu, kwa sehemu kubwa, ni kaboneti ya sodiamu: yale yale yanayotiwa kwenye makande ili mahindi yalainike, yale yale yanayofanya mlenda uwe mlenda. Kwa lugha ya jikoni, mlima huu unachemsha magadi. Mgeni anateremka kwenye ndege, anapanda gari kutwa nzima, analipa kwa dola, anakesha akitambaa gizani, yote hayo ili achungulie sufuria ya magadi. Na ule weupe unaoonekana kwa mbali karibu na kilele, ambao wengi huudhania theluji, ni magadi hayo hayo. Bibi yangu angecheka mpaka ajishike mbavu.

Nasaba haijaisha. Moja ya madini makuu ya lava hii limeitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwenzake ni gregoryiti, kwa jina la John Walter Gregory, mwanajiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa. Nyerereiti haivumilii unyevu. Mvua ikipita tu, hubadilika na kusambaratika. Wapo watakaotafuta siasa hapo. Mimi nasema ni kemia na naendelea na safari.

Safari yenyewe huanzia Mto wa Mbu, ambako lami hukuaga. Kutoka hapo hadi Engare Sero, kupitia Engaruka, ni barabara ya vumbi na mageti, na kila geti lina mtu mwenye kitabu cha stakabadhi. Sisemi ni vibaya, vijiji vinahitaji mapato. Nasema tu kwamba vumbi ndilo pekee linaloingia garini bila kukuuliza umelipia nini. Ukarimu wa namna hiyo haufundishwi chuoni. Mtu anafika kambini ameshaanza kufanana na mlima kabla hajaugusa.

Kupanda huanza saa tano au saa sita usiku. Sababu za kuandikwa ni mbili: kuliwahi jua, na kulikimbia joto, maana mlimani hakuna mti wa kivuli wala tone la maji. Zote ni za kweli. Ya tatu waongozaji hucheka wakikwambia: mchana ungeuona mlima wote kwa mkupuo, ungeshukuru, ungerudi kulala. Gizani unaona duara la tochi yako ya kichwani, na ndani ya duara hilo hakuna mlima, kuna majivu tu, na visigino vya aliye mbele yako. Kwa huruma yake majivu hukupa mlima kidogo kidogo, kipimo kile tu unachoweza kukimeza. Nacho unakimeza kweli, maana yapo hewani.

Mlima una urefu wa mita 2,962, si kitu mbele ya Meru wala Kilimanjaro, na wapo wanaoudharau kwa hesabu hiyo. Dharau huisha njiani. Unapaswa kupanda zaidi ya mita 1,500 kwa usiku mmoja, karibu moja kwa moja kwenda juu, bila kona za kupunguza ukali, na sehemu za mwisho mikono inafanya kazi ya miguu. Kupanda majivu yale ni kama kupanda rundo la mahindi ghalani: unakanyaga, unateremka na ulichokanyaga. Hapo ndipo sifa yake kubwa ilipo. Nchi nzima imesomeshwa uvumilivu kwa semina, posho na chakula cha mchana, na somo halijaingia. Majivu ya Lengai hulifundisha kwa saa sita tu, tena mwanafunzi ndiye anayelipa.

Usawa pia yanaufahamu. Katika msafara mmoja atakuwapo meneja wa benki kutoka Dar es Salaam, mwanafunzi wa chuo aliyechangiwa nauli na wenzake, na Mjerumani mstaafu mwenye fimbo mbili za kukunja. Saa tisa usiku wote wana rangi moja. Wote wanakohoa kikohozi kimoja. Meneja anaomba maji kwa mwanafunzi, mwanafunzi anamwita "mzee wangu" kwa huruma badala ya woga, na Mjerumani amekaa chini, kimya, anamimina nusu kilo ya Tanzania kutoka kwenye kiatu cha kushoto. Yanayofanyika pale Azimio la Arusha liliyaota tu.

Kuhusu viatu nina neno la ziada, kwa kuwa hapa majivu yameonewa sana. Watu hulalamika kwamba yanajaa kwenye buti, yanachubua vidole, na yakikutana na jasho yanawasha. Kosa ni la buti. Mtazame mwongozaji, kijana wa Kimaasai mwenye shuka na katambuga za tairi kuukuu. Majivu yanaingia mbele, yanatokea nyuma, hakuna anayemzuilia mwenzake njia. Buti la gharama huyafunga ndani, kisha mwenye buti analalamika kwamba mfungwa anapiga mateke. "Pole pole, kaka," anasema kijana, naye hata pumzi haijapanda. "Mlima hauhami."

Kwa heshima zote kwake, unahama.

Julai 2007 ardhi ilianza kutetemeka upande wa Gelai, jirani na Lengai, na mitetemo ile ilisikika hadi Nairobi, watu wakatoka maofisini kwenye maghorofa. Septemba mlima ukalipuka. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1983, ulikuwa ukimwaga lava yake taratibu, ukaijaza kreta mpaka ikafurika ukingoni, na watafiti walikuwa wakipiga mahema humo ndani karibu na vijito vya moto. Mlipuko wa 2007, ulioendelea hadi 2008, uliipasua sakafu ile yote. Leo ukifika juu unatazama shimo lenye kina cha kutisha, na lava iko chini huko, ikinguruma na kuchuruzika kidogo kidogo. Sehemu ya majivu unayokanyaga njiani ilitoka katika mlipuko huo.

Hapa msifu inabidi ateremshe sauti. Majivu yale yalifunika malisho, mifugo ikafa, na familia zikahama na watoto na punda. Mmaasai aliyepoteza ng'ombe wake hana haja na mzaha wangu. Na ndugu zetu wa Goma, wanaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, wana haki ya kunitazama kwa jicho baya kabisa: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji wao, na ya Mei 2021 ikawakimbiza tena usiku. Wao wamejenga nyumba juu ya lava ile ile iliyozika nyumba. Sifa ninazotoa hapa ni za majivu yaliyokwisha tulia, yaliyolala chini ya miguu ya watu waliokuja kwa hiari na watakaoondoka kesho.

Lakini hata kwa haki, mkopo wa majivu hulipwa. Zile mbuga za majani mafupi za kusini mwa Serengeti, ambako nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi, zimelala juu ya majivu ya volkano za eneo hili. Chini ya udongo mwembamba kalsiamu imeganda ikawa tabaka gumu, mizizi ya miti haipenyi, na nyasi zikabaki na uwanja wote peke yake. Nyasi hizo zina kalsiamu na fosforasi nyingi, na ndizo zinazogeuka maziwa ya nyumbu. Mtalii anayepiga picha ndama akisimama kwa mara ya kwanza anapiga picha ya majivu, ila hajaambiwa. Karibu na Olduvai kuna kilima cheusi cha umbo la mwezi mwandamo, kinachosukumwa na upepo zaidi ya mita 10 kwa mwaka. Nacho husemwa kwamba ni majivu ya Lengai yaliyoamua kutembea. Na chumvi za miamba hii, zikibebwa na vijito na chemchemi, huishia Ziwa Natron, kwenye maji makali ambayo fisi na mbweha hawayataki. Kwa sababu hiyo heroe wadogo wa Afrika Mashariki wamelichagua kwa kutaga na kulea.

Jambo ninalolipenda kuliko yote liko mwendo mfupi kutoka pale msafara unapolala. Engare Sero kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika tope la majivu ya volkano miaka isiyopungua 5,000 iliyopita. Watafiti waliozichunguza wanaona kundi moja la watu 17 waliotembea pamoja, 14 kati yao wakikadiriwa kuwa wanawake, pengine wakitoka kutafuta chakula. Hawakukodi mwongozaji. Hawakungoja mawio ili wapigwe picha. Walipita kwenye shughuli zao, majivu yakaganda, na hadi leo mtu anaweza kuonyesha nani alitembea na nani alikimbia. Linganisha na meneja wetu wa benki, aliyepiga picha 200 kileleni na kuziacha zote kwenye simu aliyoibiwa Kariakoo.

Mawio nayo yana haki yao, basi na yaje. Saa kumi na mbili kasoro anga linapauka upande wa mashariki, Kilimanjaro inajitokeza kwa mbali, Meru upande wa kusini-mashariki, Gelai na Kitumbeine karibu zaidi, na Natron chini kabisa inang'aa waridi na kijivu. Ni pazuri. Harufu ya kiberiti inakuja na kuondoka, watu wanakumbatiana, na mwongozaji anawazuia wasiukaribie ukingo, kwa kuwa ukingo wenyewe ni majivu yaliyoshikana kwa makubaliano ya muda. Kwa Wamaasai hapa ni kwa Engai, Mungu wao. Wazee huja kuomba mvua na akina mama huja kuomba watoto. Wenye haja za kweli hawakai kupigana vikumbo kutafuta pembe nzuri ya picha. Baada ya dakika 20 jua linaanza kuchoma, na kila mtu anagundua kwamba sasa anaona njia ya kushuka.

Sitaeleza sana kushuka. Niseme tu kwamba majivu yaliyokurudisha nyuma usiku sasa yanakusukuma mbele kwa moyo ule ule, na suruali hubeba ushahidi upande wa nyuma.

Kwa hiyo ukienda, nenda na mwongozaji wa kijijini, na uulize kwanza hali ya mlima wiki hiyo, maana volkano hii iko hai na haitoi ratiba. Chukua maji zaidi ya unayodhani yatatosha, kitambaa cha kufunika pua, na glovu kwa ajili ya mawe ya juu. Nguo nyeupe ziache Arusha. Bakshishi mpe mwongozaji, usimpunje. Huenda usiku huo huo anapanda tena na kundi jingine.