Jinsi ya Kushindwa kwa Heshima Kolwezi

Ndugu yangu, sogea karibu, haya si ya kutangaza kwenye basi la wafanyakazi. Umechoka na kazi, na uchovu wako hauishi kwa kulala Jumapili moja. Nitakufundisha kupona kwa njia za mkato, na zote zina hila ndani yake. Mwajiri hatumdanganyi, wala mke wako. Tunayemdanganya ni yule mwanamume wa mgodini anayeishi kifuani mwako, anayetaka aonekane chuma hata magoti yanapotetemeka. Huyo hashindwi kwa mabavu, kwa hiyo tutampitia nyuma.

1. Jipe cheo kabla ya kujipa pumziko.

Hutapumzika ukijiona mvivu, basi anza kwa kuondoa neno hilo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu kuwa ni hali inayotokana na kazi, mfadhaiko wa muda mrefu uliokosa kudhibitiwa. Likautaja kwa ishara tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeichukia, na kazi yenyewe haikutoki vizuri kama zamani. Jipime. Umetoka posti ya usiku, bukari imewekwa mezani, na huwezi kumeza. Mwenzako anakuomba kalamu na unatamani kumpiga. Unasoma kipimo kilekile mara tatu na bado hukumbuki namba. Hizo ni tatu zote, na hakuna hata moja inayoitwa uvivu.

Daktari aliyeanza kuuandika uchovu huu, Herbert Freudenberger wa New York, mwaka 1974, hakuuona kwa wazembe. Aliuona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, akitibu wagonjwa wake mchana na kwenda kliniki usiku. Wanaoungua ni wale waliokuwa na moto. Mwambie hivyo yule wa kifuani. Atapenda kusikia, na akipenda atakuacha ukae chini.

2. Chukua usingizi ambao sheria imeshakupa.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema kazi isizidi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Inakupa likizo isiyopungua siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili uliotumika, yaani 12 kwa mwaka. Mke akijifungua una siku 2. Ukifiwa na mke, mzazi au mtoto una siku 4. Ziandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya kabati. Wengi huzijua siku za msiba kuliko za likizo, kwa sababu kupumzika kwa kufiwa hakumtii mtu aibu.

Hila yenyewe: omba mapema, kwa maandishi, tarehe zikiwa tayari, na usieleze sababu kama hujaulizwa. Shefu husumbuliwa na mtu anayelalamika kuliko na mtu mwenye tarehe. Wala usiiuze likizo yako. Fedha yake itakwenda kwa mkopo wa Desemba, na uchovu utabaki na wewe.

Najua unachotaka kusema: mkataba wako si wa kampuni kubwa, ni wa mkandarasi, na unaweza kukatwa leo jioni. Ni kweli, na ni jambo zito. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na CAJJ la hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mikubwa ya kobalti, wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia wakandarasi, kwa ulinzi mdogo na malipo duni. Ndiyo maana usiende peke yako. Nendeni watatu, mkiwa na mjumbe wa sendika. Mtu mmoja aliyechoka huhesabiwa mgonjwa au mkorofi. Watatu wenye ombi moja huwa suala la ratiba.

3. Tafuta shahidi mmoja, na umwambie mkiwa mnatembea.

Hapa ndipo wengi hukimbia. Mwanamume wa Lualaba atakuonyesha kidonda cha mguu kabla ya kukuonyesha usiku aliolia. Basi usimkalishe uso kwa uso. Tembeeni ubavu kwa ubavu, njia ndefu ya kurudi nyumbani, macho yote yakitazama mbele. Sema kifupi: "Yaya, mimi nimechoka kupita kiasi." Usitie maelezo. Akikujibu kwa mzaha, si yeye. Jaribu mwingine kesho. Akinyamaza kidogo halafu akakwambia ya kwake, umempata.

Na usidhani jambo hili limetoka Ulaya. Limezaliwa kambini, hapahapa. Mwaka 1953, kati ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière mjini Kolwezi, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, pamoja na waume na wake wa kambini, walianzisha kundi la dini liitwalo Jamaa. Fikiria mji ule: kampuni ilitoa nyumba, ilitoa unga, ilitoa hospitali na shule, na ikamhesabu mtu kama nguvu ya kazi. Mtu huyohuyo alikuja kukaa na wenzake, mke wake pembeni, wakizungumza kwa Kiswahili kuhusu uzima, uzazi na mapendo. Mume alijifunza kumfungulia mke moyo, na mke mumewe. Wanandoa waliotangulia waliwalea wanandoa waliofuata, hatua kwa hatua, kama wazazi. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, na baadaye Jamaa iligombana na maaskofu. Lakini waliokwisha kufunguliana mioyo hawakumhitaji padri ili waendelee.

Mimi naamini Jamaa ni zao kubwa la Kolwezi kuliko shaba yote iliyopanda treni. Huhitaji kujiunga na kundi lolote la dini ili utumie njia yao: nyumba ya mtu, jioni, wawili wawili, kila mmoja anasema, hakuna anayehubiri. Mke wako anajua tayari kwamba umechoka. Anachongoja ni kulisikia kutoka kwako.

4. Fungueni likelemba ya pumziko.

Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote. Hakuna mtu hapa anayetaka kuonekana akipokea msaada, lakini sijaona mtu anayeona haya kupokea zamu yake ya likelemba. Kila mwezi watu wanachanga, mmoja anachukua, na anachukua kichwa juu. Basi fanyeni hivyohivyo kwa saa. Nyumba tano za jirani: kila wiki nyumba nne zinabeba mzigo wa ya tano. Watoto wanakula kwa jirani, maji yanatekwa na jirani, na mwenye zamu analala.

Anzeni na akina mama. Mama anayeosha mawe ya madini mchana na kupika usiku hana posti, kwa hiyo hana mwisho wa posti. Ukimwambia apumzike atakuuliza nani atapika sombe. Ukimwambia ni zamu yake, na asipoichukua atavuruga orodha ya wenzake, atalala. Andikeni majina, na mtu asiruhusiwe kuruka zamu yake kwa sababu ya wema.

5. Kama unachimba kwa mkono.

Huna likizo wala shefu wa kuombwa, na shimo halisamehe. Mwezi Juni 2019, kwenye eneo la kampuni ya madini ya KCC, kuta za shimo ziliporomoka na kuua wachimbaji wasiopungua 43. Sisemi uchovu ndio ulioziangusha. Nasema chini kule mtu asiyelala husikia udongo akiwa amechelewa. Kabla ya kushuka, ulizaneni nani amelala vibaya kuliko wote. Huyo abaki juu, avute kamba, asikilize, na fungu lake lisipunguzwe hata kidogo. Likipunguzwa, kesho wote watasema wamelala vizuri.

6. Bia si dawa. Simba mbili hukuangusha; kukuangusha si kukulaza. Na kama wiki yako ya mapumziko inaisha kwa mikesha ya sala, mwambie mchungaji ukweli, uombe mchana.

7. Jitafutie jina lingine.

Mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharamiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Fedha waliyopewa iliwaishia upesi, lakini kulikuwa na hasara nyingine: wengi walikuwa wameitwa kwa jina la kampuni maisha yao yote, na kadi iliporudishwa hawakuwa na pa kujitambulisha. Usisubiri kufika huko. Jitafutie leo jambo ambalo watu watakusifia bila kofia ya mgodi: kwaya, timu ya watoto wa mtaa, shamba la mahindi. Utasifiwa, na sifa ni chakula. Yule wa kifuani akishiba shambani, hatakusukuma tena kuomba posti ya tatu.

8. Jihadhari na siku utakayojisikia vizuri.

Itakuja, na ndiyo siku ya hatari. Utataka kurudisha madeni yote ya kazi kwa usiku mmoja. Shefu atapiga simu: kuna posti ya ziada, mtu hayupo. Jibu lako liwe limeandaliwa tangu leo: "Shefu, nitauliza nyumbani kwanza." Mpe shahidi wako ruhusa ya kusema hapana kwa niaba yako, mbele ya mkeo, ili kesho usije ukamgeuka. Kisha kata simu, uwaulize kweli.