Sifa za Profesa Kisingizio

Wizi wa mitihani ukitajwa katika vyuo vikuu vya Kenya, lawama zote huuangukia mwakenya, kile kijikaratasi kinachofichwa kwenye mkono wa shati. Ni kuuonea bure. Karatasi haiwezi kuiba mpaka dhamiri ya mwenye nayo ibembelezwe ilale, na mbembelezaji ni mwingine kabisa: Profesa Kisingizio, mhadhiri asiyekosa kipindi wala kugoma. Wenzake wanapogoma, ndipo somo lake linaponoga: "Silabasi haikumalizwa, sasa nifanyeje?"

Usomi wake si wa jana. Mwaka 1957 wanasosholojia wa Marekani Gresham Sykes na David Matza, wakieleza jinsi vijana wahalifu wanavyojitakasa, waliorodhesha mbinu zake tano. Mabweni yetu yanazijua zote. Kosa si langu, maswali yalitungwa kwa kukomoa. Hakuna aliyeumia. Mhadhiri mwenye roho mbaya kama yule alistahili. Wanaotuhukumu ni wezi kutushinda. Na iliyo tamu kuliko zote: ningemwachaje rafiki yangu afeli? Hivyo mtu huingia ukumbini mwizi, akatoka mfadhili.

Tena ana kiasi. Utafiti wa Nina Mazar, On Amir na Dan Ariely uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wengi wakipata mwanya hudanganya kidogo tu, wasije wakashindwa kujiona waaminifu. Profesa hamtaki mlafi. Humpimia kila mmoja dhambi inayomtosha kulala usingizi.

Ukarimu wake nao huvuka bahari. Mwanafunzi wa London anayenunua insha, Profesa humwambia, "Umechoka, una vibarua viwili." Kijana wa Nairobi anayeiandika, naye humwambia, "Hii ni ajira. Mdanganyifu ni yule anayetia jina lake." Mwaka 2022 England iliharamisha biashara hiyo kwa sheria. Profesa hakushtuka, kwa kuwa sheria ilimtafuta muuzaji, yeye hukaa kichwani.

Hata utafiti wa uaminifu haukumkwepa: makala mashuhuri ya mwaka 2012 kuhusu namna ya kuwafanya watu wawe wakweli iliondolewa na jarida lake mwaka 2021, baada ya kugundulika kwamba ilitumia data za kubuni.

Kwa utumishi huo, mahafali yajayo apewe shahada ya heshima. Akiulizwa kama anaistahili, atawatazama waliovaa majoho, mstari kwa mstari, na kuuliza: "Kwani hapa nani anaistahili?"