Tuma: Hutuma

Hongera kwa fundi aliyemtengenezea muuza mafuta ya alizeti, hapa Singida mjini, wakala wa akili unde wa kusimamia kurasa zake za mitandao ya kijamii. Kazi safi. Zana tatu, maelezo hayachoshi: "Tuma: hutuma." "Chapisha: huchapisha." Ya tatu, "Jibu", haina maelezo kabisa, mwenye akili, hata ya kuundwa, atajiongeza.

Wapo wajuaji wanaosema modeli ya wakala huyo haioni msimbo wa zana, inaona jina lake, maelezo na vigezo vyake tu, na kwa hayo ndiyo inachagua. Basi wanataka iandikwe ipi inakwenda kwa mteja mmoja faraghani na ipi kwa dunia nzima, na eti maelezo ya picha Instagram yasizidi herufi 2,200. Kwa mwendo huo watataka na kibao cha pale Manyoni kitaje kuwa huku ni Singida, kule ni Itigi na Tabora, wakati "Barabara: huenda" ingemtosha dereva yeyote wa lori mwenye imani.

Na matunda tumeyaona. Mteja wa jumla aliuliza faraghani bei ya dumu la lita 20. Punguzo lake la siri likatua ukurasani, mji mzima ukalisoma. Wa rejareja wakalipenda, wakauliza na wao waje saa ngapi. Umaarufu kama huo wengine wanaulipia.

Sasa mwenye duka anawajibu wateja mwenyewe, usiku, kwa kidole gumba. Fundi naye hajalala. Ameongeza zana ya nne: "Futa: hufuta."