Mtu wa Mbwawa Kapelekwa Rungwe

Sisi wa Mbwawa mlima tunausikia redioni. Kibaha ni mchanga, mikorosho na miembe. Kirefu tulicho nacho ni mnazi, na anayetaka vilima huenda Pugu, kule Kisarawe, akarudi anajisifu wiki nzima. Basi shemeji yangu wa Tukuyu aliponialika Rungwe nikaone volkano, nilikwenda nikitarajia moshi.

Basi lilipomaliza kona za Kitonga nilikuwa nimeshavaa makoti yote niliyobeba, yaani moja.

"Shemeji, volkano yenyewe iko wapi?" nikauliza tulipofika.

"Umeikanyaga."

Kumbe ule udongo mweusi unaozalisha ndizi, chai na maparachichi umetokana na majivu ya zamani. Mlima Kyejo, jirani yake Rungwe, ulitema moto mara ya mwisho yapata mwaka 1800, na habari hizo zimetufikia kwa midomo ya wazee wa Kinyakyusa. Hata Daraja la Mungu, ambalo Mto Kiwira unapita chini yake, ni mwamba wa volkano. Moshi pekee niliouona ni wa jikoni kwa shemeji.

Kesho yake tukapanda kwenda Ziwa Ngosi, lililolala ndani ya kasoko. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na naamini fungu langu nililipokea asubuhi ile. Kiatu changu cha kulia, ambacho muuzaji aliapa kwa mama yake kuwa ni cha mlimani, kikaacha soli kwenye tope. Mguu ukaendelea na safari. Nikiwa nimekumbatia mti, akanipita bibi mmoja na kandambili zake, mkungu wa ndizi kichwani, hata hatoi jasho.

"Pole, mwanangu," akasema, bila kupunguza mwendo.

"Bado kidogo tu, mzee," akaniliwaza kijana aliyetuongoza. Kidogo cha watu wa mlimani kinahitaji mizani yake.

Humo misituni Rungwe anaishi kima aitwaye kipunji. Wanasayansi walimkuta mwaka 2003, na mwaka 2005 wakamtangaza duniani kuwa mnyama mpya, ingawa wawindaji wa huko walikuwa na jina lake siku nyingi. Sikumwona. Kwa kelele nilizopiga kila nilipoanguka, hata mimi ningejificha.

Juu tukakuta ukungu mtupu. Nilikuwa nimeanza kudai nauli yangu, ukafunguka: maji ya kijani, kimya, kuta za msitu pande zote. Nikasahau soli.

Mwenye nia aende kati ya Juni na Oktoba, mvua inapopungua, abebe makoti mawili na anunue gambuti hukohuko Tukuyu. Na ukipitwa na bibi mwenye mkungu, ndugu yangu, msalimie tu. Usijaribu kushindana naye.