Goli la Jana, Sasa Hivi

Ukikaa kwenye vilima vya Kyerwa vinavyoutazama Mto Kagera, simu yako huvuka mpaka bila pasi. Wewe uko mgombani unapalilia; yenyewe imenasa mnara wa Rwanda, imekukaribisha ugenini na kurudisha saa nyuma kwa saa nzima. Rwanda iko mbele ya Greenwich kwa saa 2, sisi Tanzania 3. Ukinasa Uganda kule Murongo huna neno, saa zetu ni moja.

Mjomba alipoona simu imebaki nyuma, aliisogeza mbele kwa mkono kama saa ya ukutani. Kumbe kivinjari kinachomletea arifa za habari kinahesabu milisekunde tangu saa 6 usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, saa za Greenwich, na hesabu hiyo ndiyo mtumaji anayoibandika kwenye arifa. Kwa hiyo simu ilijiona iko mbele ya dunia nzima, na habari ya motomoto ikawa inaingia imeandikwa "saa 1 iliyopita".

"Mjomba," akanipigia (naye huniita hivyo hivyo), "habari za kwenu Kayanga zinakuja kwa miguu?"

Nikamrudishia saa ijirekebishe yenyewe. Tatizo likahamia kwenye mpira.

Mtumaji asipobandika saa yake, kama huyu wa mpira, simu huandika saa ambayo arifa imetokea kwenye kioo. Bondeni kwa mjomba mtandao hulala mapema kuliko kuku. Mechi ikachezwa jioni, arifa zikasubiri. Asubuhi akapanda kilimani na kikombe chake cha chai, simu ikazinduka, zikaingia zote kwa mkupuo, kila moja imeandikwa "sasa hivi". Ya mwisho ikakaa juu.

Akasoma kama anavyosoma gazeti, kuanzia juu. Timu yake (siitaji, kuna ugomvi wa ukoo) imefungwa 3–1. Akasonya. Chini yake: 2–1. Akakaa vizuri. Chini tena: kadi nyekundu. Kisha 1–1. Mwisho kabisa: tunaongoza 1–0!

"Magoli yote yamerudishwa!" akapiga kelele, chai ikamwagikia kwenye kandambili.

Jirani, aliyeisikiliza mechi nzima redioni jioni ile, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akaitua taratibu.

"Hongereni, mzee. Na ile kadi nyekundu je, imerudishwa nayo?"