Namna ya Kubisha Hodi Brussels

Kabla hujabisha, jua mlango uko wapi na baraza liko wapi. Mlango wa Umoja wa Ulaya ni ibara ya 49 ya mkataba wao: nchi yoyote ya Ulaya inayoheshimu misingi ya Umoja inaweza kuomba uanachama. Baraza ni Ushirikiano wa Mashariki, uliozinduliwa Prague tarehe 7 Mei 2009 kwa wazo la Poland na Uswidi. Hapo wamewekewa viti majirani sita waliotoka chini ya ukomunisti wa Moscow: Armenia, Azerbaijan, Belarus, Georgia, Moldova na Ukraine. Chai ipo, fedha za miradi zipo, wataalamu wa kukufundisha wapo. Ila kuketi barazani hakukufanyi mtu wa ndani.

Tazama pia ni nani kaja kukupokea. Siku ile ya Prague, Angela Merkel wa Ujerumani alifika, lakini Sarkozy wa Ufaransa, Brown wa Uingereza na Berlusconi wa Italia hawakuonekana. Kisha soma karatasi ya siku ile neno kwa neno. Palipoandikwa “mshirika” usisome “mwanachama mtarajiwa”. Hili linaniuma hadi leo, kwa sababu mamilioni ya watu walisikia “karibu” katika maneno ambayo hayakusema karibu wala ondoka.

Kabla ya kutia saini mkataba wa ushirika na Umoja, tafuta pengine pa kuuza mvinyo wako. Mwaka 2006 Urusi ilipiga marufuku mvinyo wa Moldova na wa Georgia, ikidai si salama. Chupa zilikuwa zile zile, na zabibu zile zile. Septemba 2013, Moldova ilipoukaribia mkataba na Brussels, ilifungiwa tena. Mwezi ule ule Dmitry Rogozin, naibu waziri mkuu wa Urusi, alifika Chișinău, mji mkuu wao, na kuwaambia anatumaini hawataganda kwa baridi ya mwaka ule. Kila aliyemsikia alijua gesi yao inatoka wapi. Januari 2014 Brussels ikaufungulia mvinyo huo soko lake lote. Msaada wa namna hiyo ndio wa kudai, na udai mapema.

Armenia haikusubiri. Baada ya miaka mitatu ya mazungumzo na Brussels, Rais Serzh Sargsyan alikwenda Moscow tarehe 3 Septemba 2013 na kutangaza kwamba nchi yake itaingia umoja wa forodha wa Urusi. Simlaumu. Nchi ambayo wakati ule mipaka yake miwili kati ya minne ilikuwa imefungwa, na ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa Moscow, haikuchagua rafiki kwa raha zake.

Kama wewe ni rais, usipeleke posa nyumba mbili. Tarehe 21 Novemba 2013 serikali ya Rais Viktor Yanukovych wa Ukraine ilisimamisha maandalizi ya mkataba na Brussels, na wiki iliyofuata mwenyewe akaenda kwenye mkutano wa Ushirikiano wa Mashariki huko Vilnius asitie saini. Kama wewe ni raia, fuata maagizo ya mwanahabari Mustafa Nayyem, aliyeandika Facebook siku ile ile maandalizi yaliposimamishwa: tukutane saa nne na nusu usiku kwenye mnara wa uhuru, Kyiv, vaeni nguo za joto, bebeni miavuli, chai, kahawa na marafiki. Rudia kuisoma orodha hiyo. Ni mizigo ya watu wanaotegemea kurudi kulala kwao. Kufikia mwisho wa Februari takriban 100 walikuwa wameuawa na rais ametoroka, na Machi Urusi ikaitwaa Crimea. Wapo wanaosema mkataba ule wa Brussels ndio ulioleta maafa. Sikubali. Waliofyatua risasi wana vidole vyao wenyewe.

Unachopewa mkononi, kipokee. Safari bila visa, siku 90, zilianza kwa Moldova Aprili 2014, kwa Georgia Machi 2017, na kwa Ukraine Juni mwaka huo huo. Aliyewahi kupanga foleni ubalozini alfajiri, kakumbatia taarifa za benki na barua ya mwajiri, anajua thamani ya jambo hilo bila kuelezwa.

Sasa toka barazani ubishe mlangoni. Ukraine ilibisha tarehe 28 Februari 2022, siku ya tano ya uvamizi wa Urusi. Moldova na Georgia zikafuata tarehe 3 Machi. Juni 23, Ukraine na Moldova zikapewa hadhi ya mgombea. Miaka 13 ya barazani haikutoa jibu lililopatikana kwa miezi minne ya vita, na wenye nyumba wanapaswa kuona haya.

Ukishaitikiwa, linda kura. Oktoba 2024 wananchi wa Moldova waliulizwa kama safari hiyo iandikwe kwenye katiba. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 50.35, tofauti ya kura 10,000 na ushei, na zilizoamua zilipigwa na walio ughaibuni. Mwezi uliofuata, tarehe 28, Waziri Mkuu wa Georgia, Irakli Kobakhidze, alitangaza kwamba mazungumzo ya kujiunga yamewekwa kando hadi mwisho wa 2028. Usiku ule ule barabara ya Rustaveli, mbele ya bunge la Tbilisi, ikajaa watu. Walimwagiwa maji ya mizinga ya polisi katika baridi ile, na kesho yake usiku wakarudi.