Mrija wa Makapi

Chukua ndoo, uwahi kwa muuza juisi ya miwa asubuhi, kabla nyuki hawajapata habari. Makapi yaliyorundikana nyuma ya mashine yake ndiyo mali yako. Atakuuliza unafuga nini. Mwambie unatengeneza mirija. Akicheka, mwache acheke, mradi ndoo ijae.

Osha mpaka utamu wote utoke, la sivyo sisimizi watakunywa kabla yako. Chemsha kwa maji ya majivu yalainike, suuza, anika, twanga kwenye kinu, kisha chekecha. Tunataka ule unga laini tu. Nyuzi ndefu zipeleke mgombani.

Wanga upate mwenyewe. Muhogo mtamu ukune, changanya na maji, kamua kwa kitambaa, uache maji yatulie saa kadhaa. Weupe mzito uliojilaza chini ya bakuli ndio wanga. Wenye haraka huchukua unga wa muhogo wa dukani, na wanachopata ni ugali.

Sasa sufuria: wanga vijiko vinne, makapi kijiko kimoja, maji kikombe, na kijiko cha chai cha glisirini ya chakula (si ile ya kupaka mwilini) ili mrija usivunjike kama kijiti kikavu. Moto mdogo, mwiko usitulie. Wanga wa muhogo huvimba kwenye nyuzijoto 60 hadi 70 hivi, maji hata hayajachemka. Uji mweupe hugeuka ghafla ukawa mzito na wa kung'aa. Epua hapo hapo.

Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta ya nazi. Ukiwa bado unanata kidogo, kata mikanda, zungushia kijiti cha mwanzi kilichopakwa mafuta, gundisha kingo kwa uji ule ule. Kausha kivulini, maana juani hupasuka. Chomoa kijiti, upake nta ya nyuki iliyoyeyushwa.

Mrija huu usiujaribu kwa chai ya moto, utalainika mdomoni. Kazi yake ni dafu la baridi, na dafu halinywewi siku nzima. Mrija wa plastiki hubaki mchangani miaka na miaka baada ya dafu kwisha, na ndiyo maana Kenya iliupiga marufuku kwenye hifadhi zake, fukwe zikiwemo, tangu tarehe 5 Juni 2020. Fukwe nyingine hazipaswi kungoja sheria. Muuza miwa wako yupo pale pale kesho asubuhi. Nenda na ndoo.